Giaboksi Kuukuu na Mazoea ya Kutia Mia na Arobaini

Ingia duka la spea hapa Malindi, sema una gari la zamani la gia za mkono na unataka oili ya giaboksi. Kabla hujataja ni gari gani, huenda chupa ya 140, oili ya gia iliyo nzito sana, ishawekwa juu ya kaunta. Ukiuliza kwa nini hiyo, utapewa sababu mbili, na zote zina sura ya busara: gari limechakaa, na Malindi kuna joto. Nimezisikia madukani, nimezisikia gereji za Barani, na nimezisikia kutoka kwa watu wasiomiliki hata baiskeli. Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Ila chembe hiyo imefunikwa na mazoea mengi, na mazoea hayo yanamaliza giaboksi za watu.

Hilux yangu ni ya miaka ya tisini, dizeli, gia tano. Kazi yake ni maembe na madafu kutoka upande wa Magarini msimu ukiwapo, na saruji msimu usipokuwapo. Nilipoinunua ilikuwa na 140 ndani, na aliyeniuzia alisifu sana ukimya wake. Kweli ilikuwa kimya. Lakini alfajiri, gari likiwa limelala nje usiku kucha, gia ya pili ilikuwa haiingii mpaka uibembeleze, na ukiilazimisha ilikwaruza hadi jirani akageuka. Ukishavuka daraja la Sabaki, oili imepata moto, gia zote zinaingia bila ubishi. Tabia hiyo ya kuwa mgumu asubuhi na laini mchana inakwambia mengi kuhusu kilichomo ndani, kama utaisikiliza.

Nikampelekea fundi wangu, mtu mzima aliyeanza kufungua giaboksi za Peugeot mimi sijazaliwa. Nikamwambia naimwaga ile 140, natia 75W-90, iliyo nyepesi zaidi.

“Mwanangu,” akasema, hata hajainuka chini ya gari alilokuwa akilishughulikia, “gari hii nzee. Mzee hapewi uji mwepesi.”

“Ami, mzee ndiye apewaye uji mwepesi. Meno hana.”

Akacheka, akatoka, akajifuta mikono, na tukabishana mpaka adhana ya adhuhuri. Mengi ya hapa chini yalitoka kwenye ubishi huo.

Tuanze na joto, maana ndilo wanaloliamini wengi. Namba 90 au 140 haipimwi kwa joto la mji. Hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, iwe Malindi, iwe Limuru. Giaboksi nayo haipati moto wake kutoka kwa jua la Silversands. Inaupata kutoka kwa meno yanayosagana, kutoka kwa injini iliyoshikana nayo, na kutoka kwa bomba la ekzosi linalopita karibu. Hewa ya nje huchangia, sikatai: oili ya giaboksi ya Malindi itakuwa na moto zaidi kidogo kuliko ya Nairobi kwa mwendo ule ule, kwa kadiri ya tofauti ya hewa ya miji hiyo miwili. Tofauti hiyo si ya kukurusha daraja zima la uzito. Waliotengeneza Hilux walijua itauzwa hadi jangwani, na bado kitabu chake kinasema 75W-90.

Sasa namba zenyewe. Kipimo cha uzito wa oili huitwa sentistoksi. Kadiri namba inavyopanda ndivyo oili inavyozidi kuwa nzito na kuvuta. Kwa utaratibu wa SAE, chama cha wahandisi kinachopanga namba hizi, oili ya gia ya 90, ikiwa na moto wa nyuzi 100, lazima iwe kati ya sentistoksi 13.5 na 18.5. Ya 140 huanzia 24 na kufika 32.5. Maana yake, anayetoka 90 kwenda 140 huenda anaongeza uzito karibu maradufu, na yeye anadhani amepanda ngazi moja.

Kati ya hizo mbili ipo 110, inayoanzia 18.5 hadi 24. Madukani kwetu ni adimu, na wengi hawajawahi kuisikia, kwa sababu ilianza kutambuliwa mwaka 2005. Kabla ya hapo, 90 yenyewe ndiyo iliyokuwa pana: ilianzia 13.5 mpaka 24. Kwa mwenye gari kuukuu jambo hili lina faida. Kitabu cha gari la mwaka 1985 kikisema 90, kilikuwa kinaruhusu hata kile ambacho leo chupa yake ingeandikwa 110. Kwa hiyo anayetaka kuongeza uzito kidogo bila kutoka nje ya kauli ya waliounda gari lake, nafasi anayo, na nafasi hiyo inaishia kabla ya 140.

Na kwa kuwa tumefika kwenye namba, niondoe kosa moja linalorudiwa kila siku: kwamba oili ya gia ya 90 ni nzito mara mbili ya oili ya injini ya 40. Hizo ni mizani mbili tofauti. Oili ya injini ya 40 ni sentistoksi 12.5 hadi 16.3, ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Linganisha na 90 ya gia hapo juu utaona wanakaa nyumba moja. Zilitengwa namba makusudi ili mtu asichanganye chupa, basi.

Fundi wangu hili alilijua kwa mikono kabla ya kulisikia kwa namba. Peugeot 504 za mwanzo, zile zilizobeba watu pwani nzima na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, zilipotoka kiwandani kitabu chao kilitaka giaboksi itiwe oili ile ile ya injini. “Tulikuwa twatia oili ya injini, na zilikwenda,” akasema mwenyewe. Nikamuuliza basi hiyo 140 ilitoka wapi. Akanyamaza kidogo. “Kwa malori,” akasema.

Nadhani hapo ndipo penyewe. Malori ya chumvi yanayotoka Gongoni na Marereni hubeba mzigo usiosemeka, na difu zake, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu, zinateswa. Ndani ya difu, 140 ina mahali pake: krauni na pinioni, gia zake mbili kubwa, husuguana kwa kuteleza chini ya uzito mkubwa, hakuna gia ya kubadilisha, hakuna kinachohitaji wepesi. Mafundi wengi wa hapa walijifunzia kazi kwenye magari ya namna hiyo. Chupa iliyofaa difu ikahamia giaboksi ya lori, kisha ya pikapu, kisha ya Corolla ya mwalimu, na hakuna aliyeuliza tena.

Giaboksi ya gia za mkono ina kitu ambacho difu haina, nacho ni sinkronaiza. Nimeishika moja mkononi, pete ya shaba ambayo ungeweza kuivaa kifundoni kama ingekuwa pana kidogo. Ukiipitisha ukucha ndani yake unasikia mistari myembamba sana iliyochongwa kuzunguka. Unaposukuma gia, pete hiyo hubanwa kwenye koni ya chuma inayozunguka kwa kasi tofauti na yake, na kwa msuguano wao kasi hizo mbili hulinganishwa kabla meno hayajakutana. Kazi yote hiyo inafanyika kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Ile mistari ipo ili kukata oili na kuifukuza, pete na koni zigusane. Oili ikiwa nzito mno haifukuziki upesi. Pete inateleza juu yake, kasi hazilingani, meno yanakutana yakiwa bado na ugomvi, na hilo ndilo kwaruzo unalolisikia. Kwenye gari la zamani mistari hiyo imeshalika, kwa hiyo uwezo wake wa kukata oili umepungua. Sasa fikiria: sinkronaiza iliyochoka ndiyo inayohitaji oili nyepesi zaidi, na ndiyo tunayoipa nzito zaidi, kwa heshima ya uzee wake.

Hapa ndipo ile herufi W, ya winter, yaani majira ya baridi, inapoingia. Kwa maana yake halisi, haituhusu: 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Kwetu hata pepo za Kusi zikivuma mwezi wa Julai, asubuhi haishuki sana chini ya nyuzi 22. Watu husema basi W ni mapambo tu kwa Mpwani. Si kweli kabisa. Oili kwenye nyuzi 22 bado iko mbali sana na ile ya nyuzi 100. Ukitazama karatasi za watengenezaji, 75W-90 nyingi za sintetiki huwa karibu sentistoksi 100 kwenye nyuzi 40; 80W-90 za kawaida huwa karibu 140; na 85W-140 hupita 300. Shusha joto hadi la alfajiri ya Malindi na hiyo ya mwisho hukaribia 1,000. Mjini kwetu hakuna barafu, ila kilomita za kwanza za kila siku giaboksi yenye 140 inafanya kazi ndani ya lami. Na wengi wetu safari zetu ni hizo hizo za kilomita chache: nyumbani Muyeye, sokoni, shule, kurudi. Oili haipati hata nafasi ya kuwa nyepesi.

Ukimya basi unatoka wapi? Hapo nampa fundi wangu haki yake. Oili nzito hukaa nene zaidi kati ya meno yaliyochimbika na ndani ya beringi zilizolegea, kwa hiyo mlio unapungua. Pia huchelewa kupenya kwenye sili zilizokauka. Faida hizo ni za kweli. Lakini beringi iliyolegea inabaki imelegea, na kibaya ni kwamba sasa huisikii ikizidi kulegea. Wauzaji wa magari kuukuu wanaijua siri hii vizuri kuliko mafundi. Ukienda kununua gari la gia za mkono, omba kulijaribu asubuhi kabla halijawashwa, na ulijaribu tena likishapata moto. Likiwa gumu kwa baridi na kimya kupita kiasi kwa moto, uliza kuna nini ndani.

Kuna jambo lenye uzito kuliko uzito wenyewe, na ndilo lisiloulizwa kabisa dukani: GL-4 au GL-5, alama ya chupani inayoonyesha oili imetengenezwa kwa gia za aina gani. Watu hudhani 5 ni bora kuliko 4. Ukweli ni kwamba GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, na ina dawa za salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4. Dawa hizo hujenga utando juu ya chuma ili krauni na pinioni zisilane. Kwenye sinkronaiza utando huo ni balaa mara mbili. Kwanza unateleza, na pete inahitaji kushika. Pili, salfa iliyo kali, ikipata moto, hula shaba taratibu. Chupa nyingi za 85W-140 nilizozigeuza hapa mjini kusoma nyuma ni GL-5. Kwa hiyo anayetia 140 huwa anatia makosa mawili kwa chupa moja, na anailipia.

Kitabu cha Toyota kinaruhusu GL-4 au GL-5 kwenye giaboksi yangu, kwa hiyo mwenye Hilux mwenye GL-5 ya 75W-90 hana sababu ya kukosa usingizi. Mimi nachagua GL-4 kwa sababu shaba iliyomo ni ya zamani na spea halali yake haipatikani Malindi. Kuna magari mengine ambayo kitabu kinasema GL-4 peke yake. Hapo hakuna mjadala.

Na kuna yale yasiyotaka oili ya gia hata kidogo. Land Rover One Ten za kuanzia mwaka 1983 zenye giaboksi ya LT77 hutaka ATF, ile oili nyekundu nyepesi ya giaboksi za otomatiki. Pembeni yake, kwenye nyumba ya gia za four-wheel, gari hilo hilo hutaka 90. Nyumba mbili zilizoshikana kwa bolti, oili mbili tofauti. Malindi na Watamu tuna Land Rover za namna hii kwa wingi, za hoteli, za kupeleka wageni Tsavo kupitia geti la Sala, na za Wataliano waliohamia wakazeeka nazo. Nimeona moja ikilaumiwa kuwa giaboksi imekufa, wenyewe wameshaanza kutafuta nyingine Mombasa, na ndani yake mlikuwa na oili ya difu. Ilimwagwa, ikatiwa ATF, na siku chache baadaye ikarudi kazini. Sisemi kila giaboksi itafufuka hivyo. Nasema anza na jambo la bei rahisi.

Bodaboda wao wamesalimika na mjadala huu wote. Injini, gia na klachi vinaoga oili moja, kawaida 20W-50, na hakuna anayemshauri kijana wa boda atie 140 kwa sababu pikipiki yake imezeeka. Gia zake si laini? Basi.

Kabla hujalaumu oili, lakini, hakikisha ugonjwa ni wa giaboksi. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, kanyaga klachi mpaka chini, subiri kidogo, halafu tia rivasi. Ikikwaruza hapo, na gia zote nyingine ni ngumu, tatizo ni klachi haikati. Tazama haidroliki, tazama kebo, usipoteze hela yako kwa oili. Ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza ukiwa mwendoni, hasa ya pili ukishusha kutoka ya tatu, hiyo ni sinkronaiza. Ikiwa gia inaingia vizuri halafu inachomoka yenyewe ukiachia mafuta, hakuna oili duniani itakayoishika. Hiyo ni ya kufungua.

Na kuvuja pia kusikupeleke mbio kwa 140. Juu ya giaboksi kuna tundu dogo la kupumulia. Gari lililozoea vumbi la Jilore na Kakoneni, au tope la Garsen wakati wa masika, tundu hilo huziba. Oili ikipata moto hewa ndani hutanuka, haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Mwenye gari anaona tone chini, anatia oili nzito zaidi. Tundu linabaki limeziba, na sili inaendelea kusukumwa. Kulizibua ni kazi ya waya mwembamba na dakika chache, na fundi wangu, ambaye hakukubaliana nami kwa mengi, hapa alikiri kwamba wengi hawalitazami.

Siku ya kubadilisha, endesha kwanza gari lipate moto ili oili itoke na uchafu wake. Kisha, kabla ya kugusa nati ya chini, fungua ile ya kujazia ubavuni. Nati za namna hii hukwama kwa kutu ya hewa ya bahari, na ukishamwaga oili yote ukakuta ya kujazia haifunguki, gari limelala hapo. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Ukikuta juu yake tope laini jeusi, hiyo ni kawaida ya chuma kuzeeka. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, hiyo ni meno au beringi. Oili yenyewe imimine kwenye karai uiweke juani: ikimetameta dhahabu, ile ni shaba ya sinkronaiza inayoondoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na anayepita kwenye mafuriko ya Sabaki anajua yaliingia lini. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la ubavuni, gari likiwa limesimama sawasawa, si magurudumu ya mbele kwenye mawe.

Ile ya Hilux ilitoka nyeusi, nzito, na mng’ao mdogo wa dhahabu pembeni mwa karai. Nilitia 75W-90 ya GL-4, ambayo ilibidi iagizwe Mombasa, ikaja na matatu ya jioni. Gia ya pili asubuhi sasa inaingia kwa kidole, na kwenye gia ya tano ukishapita Gede kuna mlio mwembamba ambao zamani haukusikika. Fundi aliusikia tulipotoka kujaribu. “Haya, umefurahi? Sasa yalia,” akasema. Nikamwambia ilikuwa ikilia tangu zamani.

Tukakubaliana hivi, yeye na mimi. Gari ambalo gia zake zinaingia vizuri na halina mlio, 80W-90 ya GL-4 inatosha kabisa kwa hali ya hewa yetu, na inapatikana kwa bei ya kueleweka. Likiwa gumu asubuhi, 75W-90. Likiwa linalia lakini gia ni laini, mwenye uwezo aagize 110, au atafute 90 ambayo karatasi yake inaonyesha imekaa karibu na 18. Yeye bado anasema giaboksi iliyokwisha kabisa, inayosubiri tu hela ya kufunguliwa, itiwe 140 imfikishe mtu mwisho wa msimu. Hapo sikubishana naye. Ila nilimwomba asimuuzie mtu oili ya kupima kutoka kwenye pipa, kwa sababu pipa halina karatasi, na mwaka huu limejazwa mara ngapi na nani, hata mwenye duka hajui.

Beringi ya tano nimeshaiagiza. Itafungwa maembe yakiisha.